Perege Mwenyeji wa Mtungini

Paukwa!

"Pakawa!"

Hee, mbona sauti zimelala? Chande, sogea huko, unanikanyaga. Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na mama mmoja, Bi Somoe. Mumewe kafa, mabinti zake wameolewa mbali. Akipika, anakula peke yake. Akicheka, anacheka peke yake. Upweke ulimuuma, wanangu, asikwambieni mtu.

Siku moja maji ya mto yalipungua, samaki wakaachwa dimbwini. Bi Somoe akaokota perege mmoja, akamtia mtungini. Mtungi mrefu, mdomo mwembamba. Asubuhi perege akasema, "Shikamoo, mama."

"Samaki alisema?"

Alisema! Kwani anayesimulia nani, mimi au wewe? Bi Somoe akalia kwa furaha. "Marahaba, mwanangu. Nyumba hii ni yako. Ila humu kwetu, mgeni kwanza."

Kesho yake akaleta samaki wawili. Mtungi ukasema, "Bi Somoe, basi! Mimi mrefu, lakini mdomo wangu mdogo. Hewa inaingilia mdomoni."

"Nyamaza! Mkono wangu mzima unazama humo. Nafasi tele!"

Perege akawaambia wale wawili, "Karibuni. Piteni juu, mvute pumzi. Mgeni kwanza."

Keshokutwa akaleta wanne. Mtungi ukasema, "Bi Somoe, basi! Mimi mrefu, lakini mdomo wangu mdogo."

"Nyamaza! Nafasi tele!"

Lo! Wageni sita wakabanana pale juu, wanatweta. Perege akashuka chini kabisa.

"Njoo nawe uvute," wakamwita.

"Mgeni kwanza. Mimi nipo kwetu."

Asubuhi Bi Somoe hakusikia shikamoo. Akaita, "Perege! Mwanangu!" Kimya. Mbio akaleta karai pana, akamimina maji yote. Maji ni yale yale, lakini sasa yametanda, hewa inayagusa kila upande. Wale sita wakapumua, wakatulia. Perege akaelea ubavu. Bi Somoe akamtikisa, akambembeleza, akamwita. Wapi!

"Wale sita je?"

Wanne aliwarudisha mtoni, maana karai lilitosha wawili. Wawili wale wakanenepa. Lakini hawakuwa wasemaji.

"Bibi, akapata mwingine wa kuzungumza naye?"

Hakupata, Mwanahawa. Usinitazame hivyo, sitaongeza uongo ili ulale vizuri. Kila jioni alikaa kando ya karai, akawasimulia mambo ya siku nzima. Wao wakizunguka tu.

Basi, wajukuu zangu, anayefuga samaki asitazame kimo cha chombo. Atazame maji yaliyo wazi yana upana gani, ndipo ahesabu samaki. Na akikaribisha wageni, amwangalie kwanza yule wa ndani, anayenyamaza kwa adabu, kama bado anapumua.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami koo limenikauka.