Siwatu na Wageni Wenye Taraza ya Sukari

Hapo zamani, Mola alipokwisha kuugawia kila mwili walinzi wake, palikuwa na mji uitwao Unyayo, mguuni mwa Bi Mwanakombo, mkulima wa mpunga. Katika mji huo kila chembe nyeupe ya damu ilikuwa nyumba ya ulinzi, na nyumba moja ilikaliwa na ndugu watatu. Shomari alikaa mlangoni, kazi yake kupapasa wageni na kupiga ngoma akihisi ngozi ya adui. Dada yake Siwatu alikaa mlango huohuo, kazi yake kuwatambua wenyeji na kusema, "Tulia." Makame, kitinda mimba, alikaa ndani na tanuri. Ngoma ikilia, anawasha. Siwatu akisema tulia, anapunguza.

Macho hawakuwa nayo. Lakini wenyeji wote wa mwili walivaa kanzu yenye taraza, nakshi ya sukari, shingoni, na Siwatu akiigusa tu ile taraza, moyo unamtua: huyu wetu.

Siku moja Bi Mwanakombo akakanyaga mwiba kondeni. Katika tundu la mwiba wakaingia vijidudu, wapole, wamejipanga kama waendao harusini.

"Hodi, shangazi."

Siwatu akanyoosha mkono, akagusa taraza. Sukari tupu.

"Karibuni, wanangu."

Shomari naye akapapasa, ila yeye alipitisha mkono chini ya kanzu. "Dada, hawa wanakwaruza kama ngozi ya papa." Akapiga ngoma.

"Tulia," akasema Siwatu. "Wewe hata jirani akikohoa unapiga ngoma."

Makame akacheka, akapunguza moto.

Kumbe taraza zile vijidudu walijishonea wenyewe. Wakala, wakazaana, wakala tena, mpaka mji ukanuka usaha. Shomari akashika ngoma kwa mikono miwili: ti, ti, ti! Siwatu akaurudisha mkono wake kwa aibu, asiseme tulia. Makame akawasha. Nyumba nyingine za ulinzi zikaja mbio, nazo zikawasha. Vijidudu wakaungua wakaisha.

Lakini ngoma haikukoma. Shomari sasa alikuwa anapapasa mizoga, na mzoga nao unakwaruza. Moto ukavuka kwa wenyeji. Unyayo ukavimba kama andazi, homa ikapanda, Bi Mwanakombo akaanza kuwausia wanawe.

Siwatu akagusa kanzu za majirani waliokuwa wakikimbia, taraza ni zilezile. Nani atamsikiliza yeye? Akasema hivyohivyo. "Makame, tulia."

"Dada, ndivyo ulivyoniambia na wale wezi."

"Ni kweli. Nilikosea, Mungu anisamehe. Lakini wanaoungua sasa ni wetu."

"Na kama taraza hizi nazo ni za kushona?"

"Sijui, mdogo wangu. Sina mkono mwingine ila huu."

Makame akashika kifuniko. Kisha akalifunika tanuri, na nyumba nyingine zikamfuata.

Homa ikashuka, Bi Mwanakombo akapona, ila kipande cha unyayo kilikuwa kimekufa, akawa anachechemea. Ndipo Bwana Uboho, akaaye ndani ya mfupa na kuwazaa walinzi wote, akawaita wale watatu.

"Leo nazaa walinzi wapya mfano wenu," akasema. "Mji umepata kilema, na mmoja wenu sitamzaa tena. Semeni."

Shomari akasema, "Baba, mimi nilijua tangu mwanzo. Ningesikilizwa, moto mdogo ungetosha."

"Na mizoga je?" akamchokoza Makame.

"Kazi yangu ni kupapasa. Sikuambiwa niulize kama mtu anapumua."

Makame akasema, "Majirani niliwaunguza mimi, sikatai. Lakini moto hutumwa. Na aliyeufunika bila kuwa na hakika ni mimi pia."

Siwatu akaja mwisho, kichwa chini. "Wezi niliwakaribisha mimi, baba, nikawaita wanangu. Ukiniacha, hakuna atakayedanganywa kwa taraza tena. Ila ngoma ikishalia, sijui nani atasema basi."

Bwana Uboho akashika tama. Walinzi wapya wanangoja kuzaliwa, naye hajui amnyime nani nafasi.

Haya, jamaa, mimi hapa nimekwama naye. Shomari asiyejua kunyamaza, Makame aliyeunguza majirani, Siwatu aliyewafungulia wezi: je, nani alistahili kuachwa?