Nanga ya Nyabise

Upepo ukikatika, nanga ndiyo tanga.

Maneno hayo mmeyasikia jana uwanjani, Mwalimu Maregesi alipokuwa akiwapigia kelele wachezaji wenu. Mvua ilikuwa imeshanyesha, uwanja umekuwa tope tupu, mpira ukipigwa unalala palepale. Mnaongoza bao moja. Mwalimu akawaita nyote mrudi golini, na wewe Mugeta ukanuna, maana wewe ni mfungaji, kusimama golini unaona ni adhabu. Leo wewe na dada yako Nyangeta mmekuja kuniuliza mwalimu ameyatoa wapi maneno yale. Hakuyatoa kitabuni. Yalizaliwa hapa hapa kwetu Mwirengo, kwenye ziwa hili mnaloogea, nami nilikuwepo yakizaliwa.

Ila hadithi yangu haianzi bure. Kitendawili.

Tega, mmesema. Haya: nimemfunga kamba nikamtumbukiza majini, hanywi, nikimtoa, twaondoka sote.

Ndoo? Ndoo inakunywa mpaka inatapika. Mbuzi? Nani amemtumbukiza mbuzi majini, Nyangeta? Mmeshindwa, nipeni mji. Musoma siutaki, nimeshaukaa. Basi nitasubiri. Jibu lenyewe litapita mbele yenu, mlikamate.

Methali yenyewe ilizaliwa hivi.

Nilikuwa na dada yangu mkubwa, Nyabise. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mimi kumi na saba. Nyabise alikuwa akijifunza ukunga katika zahanati ya Kibuyi, ng'ambo ya ghuba. Ukisimama gatini unaiona Kibuyi, hata moshi wa jikoni mwao unauona. Lakini kwa miguu ni lazima uzunguke kinamasi chote cha mafunjo, na ukiondoka jogoo wa kwanza unafika jua la saa sita. Mtumbwi wa baba ulikuwa ukienda kuvua kila alfajiri. Nyabise angevukaje?

Alivuka kwa kidau cha tanga. Mwaka ule chama cha mashua cha mjini kiliazima kila kijiji cha pwani ya ghuba kidau kimoja. Vilikuwa vyepesi, vya watu wawili, vyenye tanga jeupe. Vijiji vilikuwa sita, na vidau sita. Sharti lilikuwa hili: vijana wajifunze kwa mwaka mzima, kisha yafanyike mashindano ya Jumamosi na Jumapili. Kijiji kitakachoshinda kitabaki na kidau chake daima. Vingine vitano vitarudi mjini.

Sasa mnaona. Kwa wengine yale yalikuwa mashindano. Kwa Nyabise, kidau kikirudi mjini, ukunga umekwisha, na alikuwa amebakiza miezi minne tu.

Mama yetu hakujua kusoma, lakini alikuwa na daftari lake kichwani. Chombo chochote kikiondoka ufukweni, kiwe cha mwanawe au cha mgeni, alisimama akakiita kama mwalimu anavyoita majina darasani. "Kopo?" Kopo la kukumbia maji. Ujibu, lipo. "Kasia?" Lipo. "Nanga?" Ipo. Ukikosa kimoja, huondoki. Na kikirudi aliita tena vile vile, ahakikishe kila kilichotoka kimerudi. Wavuvi walimcheka, lakini walijibu.

Nanga yetu ilikuwa jiwe. Baba alilitoboa tundu, akatia kamba ndefu ya katani. Lilikuwa na uzito wa mtoto wa miezi sita. Nauliza, nani anakwenda kwenye mashindano ya mbio amebeba jiwe? Wenzetu walipunguza kila kitu. Walitoa nanga, wakatoa vibuyu vya maji, wakavua viatu. Bwire wa Kibuyi, nahodha aliyekuwa akisifiwa kuliko wote, alinyoa hata nywele, akasema upepo usipate pa kushika.

Makasia yalikusanywa na mwamuzi wa mashindano, maana kupiga kasia kulikatazwa. Kwa hiyo mama alibaki na maswali mawili, na hakupunguza hata moja.

Jumamosi mimi na Nyabise, nahodha wetu, tulishindana mara mbili. Mbio ya kwanza Bwire alitushinda, nasi tukawa wa pili. Nikalilaumu jiwe. Mbio ya pili upepo ulitukubali, tukamshinda. Nikalilaumu jiwe hata hivyo, kwamba tungemshinda zaidi. Ikabaki mbio ya Jumapili kuamua, sisi au Kibuyi.

Jumapili asubuhi niliamka mapema, nikalichukua lile jiwe nikalificha kwenye matete. Nyabise hakuniona. Tukasukuma kidau, watu wamejaa gatini, ngoma zinalia.

"Kopo?" mama akauliza.

"Lipo, mama," nikajibu.

"Nanga?"

Nikajifanya ngoma zimenizidi. Mama akaingia majini mpaka magotini, na gauni lake la kanisani, akashika kidau.

"Nyafuru. Nanga?"

"Mama, leo ni mbio. Hatuendi kuvua."

"Ziwa linajua kwamba leo ni mbio?"

Nyabise akanitazama. "Umeliweka wapi?"

Nikashuka mbele ya watu wote, nikaenda kwenye matete, nikarudi nimelibeba jiwe kifuani kama mwizi aliyerudisha kuku. Bwire alikuwa kidauni mwake, ameketi kama bwana harusi.

"Shemeji zangu," akaita, "mnakwenda mashindanoni au mnakwenda kulala huko? Jamani, wapeni na mkeka."

Gati zima likacheka. Nilitamani ziwa linimeze. Nyabise yeye alikuwa akikaza kamba za tanga, akasema tu, "Shemeji, mkeka utautandika wewe."

Filimbi ikalia. Asubuhi kwetu upepo hutoka nchi kavu, mnaujua, ndio unaotupeperushia nguo. Ukatusukuma vizuri mpaka kwenye boya la kugeukia, nasi tukalizunguka tukiwa wa tatu. Bwire alikuwa wa kwanza, mbali. Kurudi ndiko kulikuwa kazi, maana upepo sasa ulitukabili usoni, ikabidi tuende upande huu, tugeuke, twende upande ule, kama mtu anayepanda mlima kwa kuzungukazunguka. Kila tukigeuka jiwe lilinigonga kifundo cha mguu. Nikalitukana kimoyomoyo.

Tulipolikaribia gati, kiasi cha hatua mia tatu, upepo ukafa. Haukupungua, ulikufa. Tanga likalala kwenye mlingoti kama kanga kwenye kamba. Bwire alikuwa mbele yetu, amebakiwa na hatua mia moja tu, angeweza kumtupia mama chungwa.

Lakini mstari wa mwisho ulikuwa wapi? Gatini. Na gati liko wapi? Kando ya mdomo wa mto. Masika yalikuwa yametoka juzi, mto umeshiba, unasukuma maji yake kuelekea ziwani. Upepo ukiwepo huyaoni hayo. Upepo ukiondoka, mto ndio bwana.

Tukaanza kurudi nyuma polepole, matako mbele.

"Nyafuru," dada akasema, "shusha nanga."

"Dada, tunashindana. Tukitia nanga tutasimama."

"Sasa hivi tunafanya nini?"

Nikatazama gati. Lilikuwa linakwenda zake. Nikalishusha jiwe. Kamba ikaisha nusu, ikakaza, kidau kikageuza pua kuelekea mtoni, kikatulia. Maji yakawa yanatupita ubavuni yakicheka.

Bwire alituona. "Nilisema mimi!" akapiga kelele. "Wametia nanga! Mkeka sasa, mkeka!" Akacheka sana, na mwenzake akacheka. Nami nikainamisha kichwa kwa aibu. Nilipokiinua, Bwire alikuwa karibu zaidi. Nikaona ajabu, tumemfikiaje? Kidogo tena, akawa ubavuni kwetu, anacheka bado. Kidogo tena, kicheko kinatokea nyuma.

"Shemeji," Nyabise akamwambia alipokuwa akitupita kinyumenyume, "wasalimie huko uendako."

Hapo ndipo Bwire alipogutuka. Akatafuta nanga, nanga iko nyumbani, ameitoa apunguze uzito. Akatafuta kasia, makasia yapo kwa mwamuzi. Kidau kimoja, vijana wake walianza kupiga maji kwa mikono, filimbi ikalia, wakatolewa. Wengine wakabaki wameketi wanaangalia gati likipungua, hata sura za mama zao wasizione tena.

Tulikaa pale kama saa nzima. Jua la utosi. Watu gatini walianza kula mihogo. Kitendawili changu mmeshakikamata? Nanga. Vizuri, Nyangeta. Hanywi, na nikimtoa twaondoka sote. Lakini kumtoa ndiko kulikonitoa jasho.

Maana adhuhuri upepo hugeuka, hutoka ziwani. Na ukitoka ziwani unaanza na nani? Unaanza na walio mbali. Nikaona maji kule nyuma yamekuwa meusi, tanga la Bwire likajaa, halafu la mwingine. Wakaja kama wamefukuzwa na nyuki. Upepo ulikuwa haujatufikia.

"Vuta nanga," Nyabise akasema.

Nikavuta. Kamba ikaja, ikaja, ikakwama. Jiwe lilikuwa limezama kwenye tope la mto. Nikavuta mpaka viganja vikachunika. Upepo ukatufika, tanga letu likapiga mara moja, nasi tumefungwa pale kama ndama. Bwire namwona meno.

"Dada, niifungue kamba. Tuliache jiwe, baba atatoboa jingine."

"Usifungue."

"Nyabise, ni kidau chako. Ni kazi yako. Kwa ajili ya jiwe?"

Alikuwa ameshika usukani kwa nguvu, midomo imemkauka. Alitazama ng'ambo, kwenye moshi wa Kibuyi, kisha akamtazama mama gatini. "Tumeondoka na nanga," akasema, "tutarudi na nanga. Nitamjibu nini akiuliza?"

Akaacha usukani, akaja mbele, akashika kamba nyuma ya mikono yangu. "Kama tunavyomsaidia mzazi," akaniambia. "Usikurupuke. Pumua. Sasa."

Tukavuta pamoja. Tope likaachia kwa sauti ya mtu anayebusu mkono. Nikaanguka chali, jiwe likaniangukia mapajani na maji yake na matope yake, dada akarukia usukani, tanga likajaa. Bwire alikuwa nyuma yetu hatua chache, namsikia akipumua. Tukavuka mstari, na pua ya kidau chake imekwisha kufika usawa wa usukani wetu.

Bwire hakukubali. Alimwendea mwamuzi kabla hajakauka. "Hawa walisimama," akasema. "Walitia nanga. Hii ni mbio, mtu anashindaje mbio kwa kusimama?"

Mwamuzi alikuwa bwana mpole wa mjini, mwenye miwani. Akafungua kijitabu cha kanuni, akasoma taratibu kila mtu asikie. Chombo kisipigwe kasia, kisisukumwe, kisivutwe na chombo kingine. Chombo chaweza kutia nanga, ila kikiondoka sharti kiondoke nayo. Akafunga kijitabu, akatugeukia. "Nanga iko wapi?"

Nilikuwa nimeikumbatia bado, sikujua hata kwamba nimeikumbatia. Nikasimama. Tope lilikuwa likinitiririka mpaka miguuni. Gati lote likaona.

Bwire akaja, akalichukua lile jiwe mikononi mwangu, akalipima uzito, akaligeuza. Alikuwa na majivuno, lakini hakuwa na roho mbaya. "Mwaka mzima nashona tanga," akasema, "nanyoa mpaka nywele. Kumbe upepo ukikatika, nanga ndiyo tanga."

Watu wakacheka, wakayarudia maneno yake, wakaenda nayo nyumbani pamoja na mihogo yao. Jioni ile watoto walikuwa wakiyaimba njiani.

Mama hakucheka. Alikuwa amesimama pale pale pa asubuhi. "Nanga naiona," akasema. "Kopo liko wapi?"

Tukatafuta kidauni. Kopo lilikuwa limeanguka majini tulipokuwa tukivuta nanga. Mabingwa wa ghuba nzima, tulirudishwa na mtumbwi wa baba kulitafuta.

Kidau kikabaki. Nyabise akavuka nacho ile miezi minne, na miaka mingi baadaye. Baba yenu alizaliwa mikononi mwake. Watoto watatu wa Bwire pia, na kila mara Bwire alimpokea ufukweni akiwa na mkeka mpya kwapani.

Sasa, Mugeta, usije ukakimbia na nusu ya maneno kama walivyokimbia wengine. Mwaka uliofuata chama kilileta vidau vipya, mashindano yakafanyika tena. Kila chombo kilikuja na jiwe. Wengine walileta mawe makubwa kama ya kusagia. Siku hiyo upepo ulivuma tangu asubuhi hadi jioni bila kupumzika, nao wakaburura mawe yao ziwa zima wakihema. Walikuwa wameshika nanga ndiyo tanga, wakasahau mwanzo wake.

Mwalimu wako hakukwambia usifunge mabao maisha yako yote. Jana mpira ulikuwa hauendi, kwenu wala kwao. Kesho uwanja ukikauka, wewe kimbia mpaka uchoke. Ila kabla hujatoka pale mlangoni nitakuuliza umebeba nini, nawe utanijibu. Kwa sababu upepo ukikatika, mjukuu wangu, nanga ndiyo tanga.