Dawa ya Kiganja, Sumu ya Mche

Wanangu, mmesikia mtu akikemewa, "Dawa ya kiganja, sumu ya mche," mkauliza neno hilo limetoka wapi. Halikutoka mbali. Lilitokana na uvumi uliomganda Kemilembe kama kupe, mwaka ule wa kukohoa, alipokuwa na mtoto wake wa kwanza.

Kwa ukoo wa mumewe, kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa mbele ya nyumba, na juu yake hupandwa mche wa kahawa. Mgeni hampakati mtoto kabla hajanawa, na hunawa akiwa ameuinamia mche ule, maji yaangukie shinani. Wanasema mche hunywa mikono ya wote wampendao mtoto. Hilo husemwa kwa sauti. Kuna jingine ambalo husemwa chini chini: mche wa kitovu ukinyauka, mwenye kitovu hamalizi mwaka.

Kemilembe alilisikia kisimani, akacheka. Alipofika nyumbani na ndoo yake hakuwa anacheka tena.

Mtoto aliitwa Asimwe. Ugonjwa ulipoingia, wifi yake Kemilembe, Kagemulo, alileta kutoka mjini dumu zima la kitakasa mikono, ile dawa ya spiriti. "Maji peke yake siku hizi hayatoshi," alisema, na wageni wakaipenda, maana inakauka upesi. Lakini mazoea yana taabu. Kila aliyekuja aliuinamia mche vilevile, akamiminiwa kiganja tele, akafikicha, na nyingine ikachuruzika chini. Jumapili moja walikuja hata watu kumi na watano.

Wiki ya tatu majani ya mche yakaanza kukauka pembeni, yakawa rangi ya chai. Wiki ya nne yakapukutika. Kemilembe hakumwambia mtu, kwa kuogopa kwamba akilisema atakuwa amelikaribisha. Kutwa alimbana mtoto kifuani akisikiliza pumzi zake. Asimwe akipiga chafya moja, mama mtu anatoka jasho.

Asubuhi moja mama mkwe wake, Bi Kokubelwa, alimkuta amechuchumaa mbele ya mche, machozi yanamdondoka.

"We mkwe wangu, nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama. Bado."

"Bado! Neno gani hilo mdomoni mwa mzazi?"

Kemilembe akaonyesha kwa kidole. Wageni wawili walikuwa wametoka kujipaka hapo muda si mrefu. Bibi akainama polepole, kwa ajili ya magoti, akachota udongo, akaunusa, akageuza uso.

"He! Mche mnaunywesha gongo? Unanuka kama marehemu baba mkwe wako siku ya sikukuu."

Kemilembe hakutaka kucheka, ila kicheko kilimtoka. Kisha akatazama vizuri. Nyasi zilizozunguka shina nazo zilikuwa zimekufa, duara kama ungo. Nje ya duara zilikuwa mbichi.

Alinyanyuka, akachukua dumu, akaenda nyuma ya jiko palipotambaa boga. Akamimina kiganja kimoja juu ya jani moja.

"Unafanya nini sasa?"

"Nataka kuona, mama."

Akafanya hivyo asubuhi na jioni. Siku ya tatu jani lile lilikuwa limeungua kama lililopitiwa na moto. Majani ya jirani yake yalikuwa kijani, yana umande. Bibi akaja kutazama, akashika kiuno.

"Boga hili lina kitovu cha nani?"

"Halina cha mtu, mama."

"Basi nani kalichoma?"

Kemilembe akaligusa jani lililoungua. "Dawa," akasema. "Inakausha maji yote ya jani."

"Haya. Basi mlegezee mtoto apumue, unamvunja mbavu."

Walichimbua ule udongo, wakamwaga maji safi ndoo kwa ndoo, lakini mche haukupona. Siku ulipong'olewa, mkavu hadi mzizi, Kemilembe aligeuka upesi kumtazama Asimwe. Asimwe alikuwa begani kwa bibi yake, anamcheulia maziwa.

Wakapanda mche mwingine. Jumapili iliyofuata wageni walipoinama, Bi Kokubelwa akapaza sauti: "Ondokeni hapo! Dawa ya kiganja, sumu ya mche! Jipakeni barazani. Huku leteni maji matupu."

Kagemulo akanuna. "Kwa hiyo dawa yangu mbaya?"

"Nzuri, mwanangu. Kiganjani."

Asimwe akamaliza mwaka akiwa mzima, na neno likatembea, nyumba hadi nyumba, mpaka likawafikia ninyi. Basi jihadharini:

Usijipake kitakasa mikono juu ya mche, wala juu ya kopo la maua.

Usimwage iliyobaki shambani, wala kwenye mtaro unaokwenda bustanini.

Usioshee chupa yake wala dumu lake penye miche.

Usiinyunyize kwenye majani ukidhani unaua wadudu. Utaua na jani.

Usiache kusafisha mikono kabla ya kumpakata mtoto, eti kwa kuhurumia mti. Sogea pembeni tu.

Na usimtazame mwanao kwa jicho la kumuaga kwa sababu ya jani lililokauka. Tazama kwanza nini kimemwagwa hapo.

Dawa ya kiganja, sumu ya mche.