Nyamizi na Zamu ya Alfajiri

Paukwa!

Pakawa!

Na wakubwa nao waitike, maana leo ninawasema wao. Paukwa!

Pakawa!

Haya, tegeni masikio. Hapo zamani za kale, nyikani kwenye vichuguu virefu vyekundu, paliishi ukoo wa nguchiro. Nguchiro mnawajua. Wadogo, wepesi, pua ndefu, hawatulii. Wote waliishi katika kichuguu kimoja kikubwa kilichohamwa na mchwa. Ndani vyumba, chini milango, ubavuni tundu dogo la kupitisha hewa. Mkuu wa ukoo alikuwa Bibi Minza. Mkuu wa walinzi alikuwa mwanawe, Luhende. Na Luhende alikuwa na dada, Mama Nyamizi, mwenye mabinti wawili: Nyamizi mkubwa na Kabula mdogo.

Nguchiro hao walikuwa na desturi. Kukicha, ukoo wote ulitoka kufukua wadudu, vichwa chini, mikia juu. Mmoja alibaki kileleni mwa kichuguu, amesimama kwa miguu ya nyuma, analinda. Kukiwa salama aliimba taratibu: pii, pii, pii. Akimwona Mwewe alipiga ukelele: tirrri! Na wote, chwi! mashimoni. Ulinzi ule ndio uhai wao.

Sasa sikilizeni. Zamu ya alfajiri walipewa vijana. Si watoto, si wazee, bali vijana waliokuwa ndiyo kwanza wanarefuka. "Damu changa haina uchovu," walisema wazee. Nani aliwaambia? Hakuna! Walisema tu, na wakiisha kusema waliona wamefikiri.

Mwaka ule Nyamizi akapevuka. Jana mtoto, leo miguu mirefu, sauti imebadilika, anakula hashibi. Na usingizi wake nao ukahama. Zamani jua likizama tu, yeye hoi. Sasa jua linazama, Kabula anakoroma, Bibi Minza anakoroma, yeye macho makavu. Anageukia huku. Anageukia kule. Usingizi hauji mpaka nyota zimejaa mbinguni. Hakuutuma uchelewe. Ni mwili wa ujana, ndivyo ulivyo.

Hilo Komba akalijua. Komba yule mwenye macho makubwa, yeye mwenyewe analala mchana kutwa na hakuna anayemgusa! Kila usiku alikuja kwenye tundu la hewa, akatia mdomo.

"Psst! Nyamizi! Umelala?"

"Bado."

"Unajua Digidigi kafanya nini leo?"

"Kafanya nini?"

Basi, hapo tena. Digidigi kateleza mbele ya wenzake, wamemcheka. Kwale kanuniana na nduguye. Huyu kasema, yule kajibu. Na Komba mjanja, kila habari aliikata katikati. "Ngoja nikachungulie, narudi sasa hivi." Nyamizi akamngoja. Komba akarudi na nyingine. Habari zenyewe hazikuwa na kichwa wala miguu! Lakini Nyamizi aliona akilala atapitwa, na wenzake watamwona mshamba. Akawa anaukimbiza hata ule usingizi mchache uliokuja.

Kukipambazuka, huyo Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa, anatua kileleni. Ko! ko! ko! "Amkeni! Kumekucha!" Msidhani aliwapenda. Nguchiro wakifukua majani, panzi huruka, na Hondohondo huwadaka. Aliwaamsha watoto wa watu kwa njaa yake mwenyewe.

Luhende hakuhitaji kugongewa. Usingizi wa mzee huisha mapema. Yeye alikuwa macho zamani, anakohoa, anajikuna, anazunguka vyumbani hana kazi. Akisikia ko! ko! ko! mbio kwa Nyamizi, akamvuta mkia.

"Wewe! Inuka!"

"Shikamoo, Mjomba. Nimepitiwa sasa hivi tu."

"Nani kakuuliza? Mvivu mkubwa! Sisi tulipokuwa rika lako tulijiamsha wenyewe."

Uongo! Nasema uongo mtupu! Lakini Nyamizi atajuaje? Alipanda juu akiyumba, kope nzito, mdomo mchungu. Pii... pii... p... Kichwa kinaanguka, anakishtua. Kinaanguka, anakishtua.

Asubuhi moja kilianguka kikakaa huko huko. Mwewe hakuhitaji mwaliko. Vuuu! Hondohondo akapiga kelele, watu wakatawanyika, lakini ukucha wa Mwewe ulishampitia Kabula mgongoni. Kabula aliingia shimoni akilia, damu inamchuruzika. Alipona. Mama yake alimlamba kidonda mchana kutwa.

Jioni wazee wakakaa baraza. Nyamizi akasimamishwa katikati, mkia chini.

"Alilala zamuni," akasema Luhende.

"Alilala zamuni!" wakaitikia wazee.

"Huu ni uvivu. Na dawa ya uvivu ni kazi. Kuanzia kesho atashika zamu ya alfajiri kila siku, bila kupokezana. Na ule usingizi wake wa mchana, marufuku. Akisinzia, avutwe mkia, mpaka usingizi umjue yeye ni nani."

Mmeisikia hukumu hiyo? Kiumbe ameanguka kwa kukosa usingizi, nao wanamnyima usingizi ili asianguke! Na watu wazima wale, wenye mvi, wakaitikia kwa vichwa, wakasema ni busara.

Mama Nyamizi akainuka. "Jamani, huyu mtoto halali vizuri. Mwulizeni kwanza."

"Dada, wewe ndiye unayemdekeza," akasema Luhende. "Kaa chini."

Akakaa chini. Bibi Minza hakusema neno.

Basi Nyamizi akaanza kuharibika. Alikuwa mcheshi, akawa wa kununa. Ukimwuliza jambo, anakufokea. Ukimtuma, anafika njiani amesahau katumwa nini. Alipiga tirrri! kwa kivuli cha wingu, ukoo ukaingia mashimoni bure, wakatoka wakimtukana. Chakula hauoni utamu wake. Na usiku, kwa uchungu wa mchana, alimfuata Komba kwenye tundu kwa hiari yake, maana Komba peke yake ndiye hakumwita mvivu. Ndivyo walivyomsukuma, kisha wakashangaa ameegemea wapi.

Kabula tu ndiye alimwonea huruma. Mgongo bado una kovu bichi, lakini kila alfajiri alitoka, akafukua karibu na kichuguu, asiende mbali na dada yake.

"Dada, usilale!"

"Silali."

"Imba basi!"

"Pii, pii."

"Nitakutafutia panzi mnono. Ukila, macho yatafunguka."

"Haya, mdogo wangu."

Siku moja jua lilikuwa linachomoza, umande bado upo. Nyamizi amesimama wima, macho wazi. Wazi kabisa! Hata Luhende alimtazama, akaridhika. Hakujua yapo macho yanayobaki wazi na mwenyewe hayupo. Nyamizi aliona mbingu nyekundu. Aliona kitu cheusi mbinguni, kidogo, kinazunguka. Kikawa kikubwa. Kikakunja mabawa. Alikitazama kwa utulivu, na mdomo wake haukupata habari.

"Dada!" Kabula akaita, amemwinua panzi juu kwa mikono miwili. "Nimempata! Mnono!"

Vuuu! Pwa!

Panzi alianguka kwenye majani, akarusharusha miguu. Kabula hayupo.

Hakukuwa na baraza siku hiyo. Walijikusanya tu mlangoni, hakuna aliyemtazama mwenzake. Mama Nyamizi alikaa palepale alipokuwa mwanawe, hasogei. Na Luhende, hata siku hiyo, hata mbele ya msiba, hakuweza kuuzuia mdomo wake.

"Si nilisema? Uvivu. Macho wazi halafu..."

"Nilimwona, Mjomba," akasema Nyamizi.

Wote wakageuka.

"Nilimwona akishuka. Nilimwona vizuri. Nikadhani ninaota."

Hapo ndipo Mama Nyamizi aliposimama, na safari hii hakukaa.

"Luhende! Fumba mdomo! Mwanangu mmoja yuko kuchani mwa Mwewe, na huyu mnataka kummaliza kwa maneno! Alipochoka mlimwongezea kazi. Aliposinzia mlimnyima hata tonge la usingizi wa mchana. Nilisema mumwulize, mkanikalisha! Kaka, wewe unaamka saa ngapi?"

"Mimi... mimi naamka mapema."

"Kabla ya Hondohondo. Tunakusikia wote unavyokohoa. Na nyie wenzake, mnaamka lini? Mapema! Hamna usingizi, mnazunguka humu mnapiga soga. Haya niambieni, kwa nini wenye macho wakae ndani wanajikuna, na asiyejiweza apandishwe juu kulinda roho za wanangu?"

"Ndiyo desturi," akajibu Luhende, sauti ndogo.

"Desturi imenilia mtoto!"

Luhende akamtazama mama yake, Bibi Minza, amsaidie. Bibi Minza akamsogelea mwanawe.

"Wewe mwenyewe nilikuvuta mkia, Luhende," akasema. "Kila siku. Ulilala zamuni mara nyingi kuliko huyu. Ni bahati tu Mwewe wa miaka ile alikuwa na windo jingine. Nami nilijua, nikanyamaza kwenye baraza lenu. Basi. Alfajiri ni ya wazee. Vijana washike zamu jua likishapanda. Atakayewagusa kabla ya hapo atanijibu mimi."

Sasa waliona! Baada ya kuzika? Hata kuzika hawakuzika, hawakuwa na cha kuzika. Ilibidi mtoto aliwe ndipo watu wazima waulizane swali lililokuwa mlangoni mwao siku zote. Mimi hapa roho inanichemka kila nikifika.

Lakini Nyamizi naye hakubaki kulia tu. Jua lilipoanza kuzama alichota tope mtoni, akarudi nalo mdomoni, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka likatosha. Akalifuata tundu la hewa. Komba alikuwa ameshafika.

"Psst! Nyamizi, nina jipya! Hulijui!"

"Sitaki kulijua."

"Wenzako wote watajua ila wewe."

"Wajue. Wewe utalala kesho mchana kutwa, Komba. Mimi nikilala mchana nafokewa. Mdogo wangu alikuwa ananitafutia panzi nisisinzie, na mimi nilikesha nikisikiliza nani kamnunia nani!"

"Kidogo tu..."

Pachi! Tope. Akalisawazisha kwa kiganja, akaacha upenyo wa kupita upepo, mdomo usipite. Kisha akajilaza. Usingizi haukuja upesi, siwadanganyi. Alilia kwanza. Kesho yake ukaja mapema kidogo, keshokutwa mapema zaidi. Kila siku alilala wakati uleule, gizani, bila Komba, na usingizi ukaizoea njia.

Asubuhi moja Luhende alikuwa kileleni, anaimba pii, pii, pii, kifua kinamkereketa kwa baridi. Hondohondo akatua. Ko! ko!...

"Acha kugonga," akasema Luhende.

"Kumekucha! Yuko wapi yule msichana?"

"Analala."

"Na panzi wangu je? Nina njaa!"

"Tafuta mwenyewe. Mwanangu analala."

Chini, ndani kabisa, Nyamizi alikuwa anauchapa usingizi, mdomo wazi, mikono imelegea. Ubavuni mwake aliacha nafasi ndogo, ya kulala mtoto mmoja. Luhende alipita hapo kila siku akienda zamuni, na kila siku alipita polepole.

Nawaambia wazi, msije mkasema hamkusikia. Kijana anayerefuka anahitaji usingizi mwingi, tena unamjia kwa kuchelewa. Huo si uvivu. Mkimwamsha kabla haujamtosha, mnamwibia akili, furaha na afya, kisha mnamcheka kwa kupungukiwa. Wakubwa, acheni! Pangeni shughuli zenu upya. Nanyi vijana, msinitolee macho: anayewanong'oneza usiku hatakuwepo asubuhi mkianguka. Zibeni tundu, mlale kwa wakati, kila siku.

Hadithi yangu imeishia hapo. Hasira yangu bado.