Mzinga wa Perere

— Paukwa!

— Pakawa!

— Waliolala waamsheni.

— Wako macho!

— Basi nianze?

— Anza, tumekutegea sikio!

Zamani, zamani hizo, binadamu hajajua kuchonga mzinga wa nyuki, wanyama walikuwa wakichonga wao. Kulikuwa na bonde moja la migunga na mikunazi, na katika bonde hilo aliishi Perere. Perere ni mnyama mdogo, hana mkia, na kupanda miti ndiyo kazi yake. Aliishi na mama yake mzazi. Mama huyo alikuwa mzee na miguu yake ilikuwa imekufa. Hakuweza kwenda popote. Alikaa kwenye shimo chini ya mgunga, Perere akimletea chakula na maji.

Bonde hilo lilikuwa na nyuki, lakini wanyama walikuwa na tabia mbaya. Walirina asali kwa moto mkubwa. Waliichukua yote, wakala hata watoto wa nyuki. Siku moja nyuki wakaondoka. Hawakuaga mtu.

Mwaka ule migunga ikachanua, maua yakaanguka, hakuna tunda. Mikunazi ikachanua, maua yakaanguka, hakuna tunda. Mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo. Njaa ikaingia bondeni. Wanyama wakajuta, wakamlilia Mungu.

Ndipo akaja yule ndege mdogo anayewaongoza watu kwenye asali. Akatua mbele ya mkutano, akasema:

"Mungu amewasikia. Nyuki watarudi. Kila mwenye mzinga autengeneze. Atakayekutwa tayari, kwake wataingia."

Nyumbu, aliyekuwa mkubwa wao, akauliza, "Watarudi lini?"

"Sikuambiwa."

"Asubuhi au jioni?"

"Sikuambiwa."

"Sasa wewe uliambiwa nini?"

"Niliambiwa watarudi," akasema yule ndege, akaruka akaenda zake.

Siku ile bonde zima lilifanya kazi. Waliofukiza mizinga kwa majani walifukiza. Waliopaka nta ndani walipaka. Kamba mpya zikasokotwa, mizinga ikapandishwa mitini. Jirani mmoja wa Perere, jina lake Nguchiro, aliufanya mzinga wake vizuri kuliko wote. Aliukwangua, akaufukiza, akaupaka nta mpaka ukanukia njiani. Jirani mwingine, Ngedere, alipachika wake juu ya mti haraka haraka, akashuka akipangusa mikono.

"Nimemaliza," akasema Ngedere. "Waje basi!"

Hawakuja.

Mwezi ukapita, nyuki hawakuja. Mwezi mwingine ukapita, hawakuja. Nyumbu akaita mkutano tena.

"Migunga inakaribia kuchanua," akasema. "Maua yakianguka tena bila tunda, tunahama. Tunavuka milima kule, twende kwenye mto. Mwenye miguu atembee."

Perere akarudi nyumbani. Mama yake akamuuliza, "Wamesemaje?"

"Wamesema tukikosa matunda tunahama."

Mama akatazama miguu yake. "Na mimi?"

Perere akainuka. Alichukua kipande cha nta, akapanda mtini kwenye mzinga wake.

Nguchiro naye akawaza kwa namna yake. Akasema moyoni, mzinga wangu uko safi. Nikiuacha wazi, wadudu watauchafua. Akachota udongo, akauloweka, akaziba tundu la kuingilia nyuki. Akakandika vizuri, akalainisha kwa kiganja.

Perere akamwona. "Bwana Nguchiro, mbona unaziba mlango?"

"Ili ubaki safi, shemeji. Mimi si wa kupanda na kushuka kila siku kama wewe. Nimesafisha mara moja, nimefunga. Siku wakija, nafungua."

"Utajuaje wamekuja?"

"Nyuki hawaji kimya, shemeji. Nitawasikia."

Ngedere yeye alichoka kabisa. Akatia makunazi yake makavu, akiba ya kabla ya njaa, ndani ya mzinga, akawa anajisweka humo kulala. Na kwa kuwa hakuwa na kazi, akatafuta mtu wa kumchezea. Akampata Perere.

Siku moja Perere alikuwa anamnywesha mama yake maji. Akasikia kelele kutoka juu.

"Wanakuja! Wanakuja! Dada Perere, kundi hilo, jeusi kama wingu!"

Perere akaweka kibuyu chini, akapanda mtini mbio. Akafungua kifuniko cha mzinga atazame kama uko sawa. Hakukuwa na nyuki. Kulikuwa na buibui, ametanda utando kutoka ukuta hadi ukuta. Perere akamtoa, akafuta utando, akafunga kifuniko.

Ngedere alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka. "Umekimbia kama umeungua! Karibu chini, mama wa nyuki!"

Siku nyingine, Perere yuko shambani anachimba mizizi.

"Wanakuja! Dada Perere, safari hii kweli, nakuapia!"

Perere akatupa mizizi, akakimbia, akapanda. Hakukuwa na nyuki. Kulikuwa na mjusi, amejilaza ndani na mkia wake, anasinzia. Perere akamtoa, akapangusa, akapaka nta upya.

Ngedere akawaita wenzake waje wacheke pamoja. "Mwamwona huyu? Nikikohoa tu, anapanda mti!"

Migunga na mikunazi ikachanua. Bonde likawa njano. Maua yakaanza kuanguka moja moja, na hakuna aliyeyatembelea. Perere akaanza kukosa usingizi.

Ndipo Ngedere akapiga kelele mara ya tatu. "Wanakuja! Dada Perere! Wamejaa mpaka jua halionekani!"

Perere alikuwa ameketi kwa mama yake. Hakuinuka.

"Huendi?" mama akauliza.

"Ananichezea, mama. Nikienda atacheka, nisipoenda atacheka. Bora acheke nimekaa."

 Perere akakaa kidogo. Halafu akasimama, akasema, "Lakini siku nyingi sijautazama." Akapanda taratibu, hana haraka.

Akafungua kifuniko. Hakukuwa na nyuki. Kulikuwa na nondo, wametaga mayai juu ya nta yote, na funza wamekwisha anza kutoboa. Siku chache zaidi, nta ingekwisha.  Perere akakwangua kila kitu, akaosha, akafukiza kwa majani, akapaka nta yake ya mwisho.

"Walikuwepo?" Ngedere akauliza kutoka chini.

"Hawakuwepo," Perere akajibu. "Lakini asante kwa kunipandisha."

Ngedere akatazama wenzake. Mzaha ukamwishia mdomoni. Tangu siku ile hakumwita tena. Na tangu siku ile Perere hakungoja kuitwa. Kila asubuhi alipanda, akafungua, akapangusa, akasema, "Mungu, mlango uko wazi," akashuka.

Ikafika siku Nyumbu akatangaza: "Maua yamekwisha nusu. Fungeni mizigo. Kesho tunatoka."

Bonde likafunga mizigo. Perere akafunga wake kwa kuwa mama yake alimlazimisha.

"Nenda nao," mama akasema. "Niachie maji karibu, basi."

"Siendi."

"Usinifanye nikukasirikie."

"Kasirika, mama. Siendi."

Kulipokucha Perere akapanda kama kawaida. Akafungua, akapangusa umande, akafunga. Alikuwa hajashuka bado aliposikia kitu. Akadhani ni upepo, lakini majani hayakutikisika.

Kundi lilitokea upande wa milima. Lilikuja chini chini, likazunguka juu ya bonde mara moja, kisha likaenda moja kwa moja kwenye mzinga wa Nguchiro. Ndio uliokuwa unanukia nta kuliko yote. Nyuki wakautambaa juu, chini, mbele, nyuma. Wakatafuta mlango.

Nguchiro alikuwa amekwenda kuwaaga wakwe zake. Akasikia mvumo, akarudi mbio mpaka kilemba kikamwanguka. Akaparamia mti, akaanza kuukwangua udongo. Ulikuwa umekauka kama tofali.

"Ngojeni!" akapiga kelele. "Ngojeni jamani, ni udongo tu! Ndani ni safi, naapa! Nikwaruze mara mbili tatu tu!"

Nyuki hawakungoja. Wakaondoka wakaenda kwa Ngedere. Mlango wa Ngedere haukuwa na udongo, lakini ulikuwa umezibwa na makalio ya Ngedere mwenyewe, aliyekuwa amelala juu ya makunazi yake. Nyuki wakagonga hodi kwa namna wanayoijua wao.

"Mama wee! Nakufa! Nani kanichoma moto?"

Ngedere alitoka na kifuniko na vyote, akakimbia mpaka kwenye tope.

Kundi likazunguka tena. Likapanda juu. Perere akajishikilia kwenye tawi. Akaona linaelekea milimani, kule lilikotoka. Akafumba macho. Hakuwa na la kufanya tena. Yote ya kufanya alikuwa amekwisha fanya.

Mvumo ukarudi. Ukapita kwenye sikio lake la kulia, ukapita kwenye sikio lake la kushoto. Alipofumbua macho, nyuki walikuwa wanaingia mzingani, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu wanaorudi kwao. Akakaa pale pale mpaka wa mwisho akaingia.

Akashuka. Akaenda mbio mpaka kwa mama yake.

"Mama, wameingia."

"Wote?"

"Wote."

Mama akavuta pumzi ndefu. "Basi fungua mzigo ule, mwanangu. Sufuria yangu iko humo, na nina njaa."

Wakacheka, kisha wakalia, kisha wakacheka tena.

Maua nusu yaliyobaki yalitosha. Nyuki waliyafanyia kazi, na kabla msimu haujaisha migunga ilikuwa na matunda, mikunazi ina matunda. Nyumbu akafuta safari. Hakuna aliyeachwa.

Nguchiro akamjia Perere, uso chini. "Shemeji, mimi nilikuwa tayari kabla yako."

"Kweli, ulikuwa."

"Nta yangu ilikuwa bora."

"Bora sana. Nyuki wenyewe walianza kwako."

"Sasa kosa langu nini?"

"Ulijiandaa ukafunga ukaenda zako, bwana Nguchiro. Ahadi ilikuja ikakuta mlango hauna mtu." Kisha akamwonea huruma. "Hawa watazaana, na wakizaana kundi jingine litatoka. Kabandue ule udongo."

Nguchiro akaenda, akachukua kijiti, akaanza kubandua. Alipopita karibu na Ngedere alimkuta anakula amesimama, kwa sababu kukaa kulikuwa hakuwezekani.

"Nikusaidie?" Ngedere akauliza kwa sauti ndogo.

"Shika huku," akasema Nguchiro.

Enyi mnaonisikiliza, Mungu akiahidi, hutimiza, lakini saa hamtajii mtu. Kwa hiyo anayeingojea ahadi yake asikae kitako, wala asiseme nilikwisha jiandaa mwaka juzi. Autazame moyo wake kila siku, atoe buibui, atoe mjusi, atoe nondo, na mlango auache wazi. Wakimcheka, apande hivyo hivyo.

— Mmesikia?

— Tumesikia!

— Mimi nimeutua mzigo wangu hapa. Anayeweza aubebe, ampelekee aliyeko nyumbani.

— Tumeubeba!