Khanga ya Kashata

“Khanga ya kumwachia paka haifuliwi.” Mmenisikia nikimwambia hivyo mama yenu asubuhi, anafungasha safari yake ya Maskati, alipotaka kuitumbukiza khanga yake kwenye beseni la sabuni. Mkacheka, mkaniuliza ni paka gani huyo mwenye khanga. Kaeni basi niwaambie neno hili lilikotoka. Kucheka mtacheka baadaye, kama mtaweza.

Hapa hapa Pangani, mtaa wa nyuma yetu, aliishi mjane akiitwa Bi Somoe. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na paka, Kashata, aliyemwokota mdogo analia mferejini, wakati macho yake mwenyewe yameshafunikwa na mtoto wa jicho. Kwa hiyo hakuwahi kumwona paka wake sawasawa. Alimjua kwa mkono na kwa sauti. Daktari wa Dar es Salaam alipokubali kumpasua, Bi Somoe alisema, “Nikifunguliwa macho, nikirudi, wa kwanza kumtazama ni Kashata wangu.”

Ila paka hapelekwi hospitali. Shoga yake, Bi Riziki, akakubali kukaa naye. Bi Somoe akamwandaa paka yule kama mtu anayemwandaa mwari. Alimzoesha kikapu cha ukili, akimtilia dagaa ndani mpaka akawa anaingia mwenyewe. Jioni alimpeleka kwa Bi Riziki, wao wanakunywa kahawa, paka ananusanusa pembe za nyumba, kisha wanarudi. Alipeleka bakuli lake, akapeleka na mchanga wa kujisaidia. Hakusahau kitu, maskini.

Siku ya mwisho Bi Riziki akamwambia, “Niletee na ile khanga yako anayolalia.”

“Ile? Shoga, ile imechoka. Ina jasho langu, ina moshi wa jikoni. Nikuletee uchafu nyumbani kwako?”

“Si yangu, ni ya paka.”

“Hata kama. Nguo ya kwenda kwa watu ina adabu zake.”

Ndivyo tulivyo sisi. Tutalala na njaa, lakini sahani ya jirani hatuirudishi chafu. Bi Somoe akaifua khanga ile kwa sabuni, akaisuuza, akaianika juani, akaifukiza udi. Bi Riziki alipoipokea aliisifu kwa kunukia. Hakuna aliyeliona kosa.

Paka aliliona. Aliinusa khanga, akaizunguka, akainusa tena, akaiacha. Alikuwa anamtafuta bibi yake humo, na bibi ameshamwagwa na maji ya povu. Mlango ulipofunguliwa tu akatoka mbio, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha nyumba yao iliyofungwa. Bi Riziki akamrudisha, akatoroka tena. Akampelekea samaki pale pale mlangoni, hakula. Mvua za masika zikaanza. Asubuhi moja alimkuta amejikunja chini ya mlango, pua kaielekeza ndani, amekufa.

Bi Somoe akarudi anaona. Aliteremka kwenye gari akitazama kila kitu, hata nyasi za ukutani, huku akiita, “Kashata! Kashata!” Bi Riziki alishindwa kumwangalia usoni, lakini ikabidi aseme. Yule mama alilia mpaka nasi majirani tukalia, na leo bado naona uchungu nikikumbuka. Alipotulia aliuliza jambo moja.

“Alikuwa rangi gani?”

“Kahawia,” akajibu Bi Riziki. “Kama kashata yenyewe. Jina ulilipatia kweli.”

Akaiomba khanga yake, akajifunika nayo uso, akaivuta harufu yake. Udi mtupu. “Kumbe nilijifua mimi humu, nikaisha,” akasema. “Jamani, khanga ya kumwachia paka haifuliwi.”

Sasa mama yenu kesho anaondoka, na Nasra mdogo wenu hajui Maskati ni nini. Mlimwona asubuhi: aliirudisha khanga kiunoni, akaendelea kufungasha, anajipangusa macho kwa ncha yake. Basi asiwepo wa kumwambia aivue. Mwacheni ashinde nayo na alale nayo, iingie jasho lake na machozi yake, maana hiyo ndiyo atakayojifunika Nasra kesho akimlilia mama. Khanga ya kumwachia paka haifuliwi.