Kisima cha Watu wa Wadi Sidri

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika kijiji cha Wadi Sidri aliishi mjane mcha Mungu, Bi Rukaya binti Suheli. Maji yalikuwa mwendo wa nusu siku. Alipochoka kuwaona wajawazito wakianguka njiani na mitungi yao, alishika jembe, akasema Bismillahi, akaanza kuchimba kisima. Watu walimcheka siku tatu. Ya nne wakaja na majembe yao.

Tajiri Harithi, ambaye wanakijiji walilima katika ardhi yake, aliombwa kamba tu. Akajibu, "Chimbeni kwa kucha!" Basi wakasokota kamba zao wenyewe, wakachimba miezi saba, na mmoja wao, Khuzaima, akafia humo shimoni.

Maji yalipotoka, tazameni ufidhuli wa mwanadamu! Harithi aliweka mlinzi kisimani, kisha akamwita kadhi athibitishe kuwa ni mali yake, akidai kimechimbwa na watu wake. Kadhi akauliza nani anapinga. Wanaume wazima, wenye sugu viganjani, wakainamisha vichwa kwa kuhofia mashamba. Akasimama Bi Rukaya peke yake.

Kadhi akamwambia, "Apa kwamba kisima ni chako, nami nitakupa."

"Audhubillahi! Si changu, ewe Kadhi. Mimi nilifika kimo cha goti. Kwingine kote wamechimba hawa walionyamaza, na marehemu Khuzaima. Sitamshinda dhalimu kwa kudhulumu."

Harithi akadakia, "Mimi niko tayari kuapa!"

"Kabla hujaapa," akasema Kadhi, "niambie, huko chini mlikuta nini?"

"Udongo. Kwani ardhini kuna nini?"

Hapo akainuka Luqmani, ndugu wa marehemu. "Udongo? Ni jabali jeusi, dhiraa nne! Ndilo lililomponda ndugu yangu! Niliogopa kunyimwa shamba, Mwenyezi Mungu anisamehe."

Wakainuka na wengine, mmoja baada ya mmoja, wakashuhudia.

Kadhi akahukumu kisima kiwe wakfu wa wote. Watu wakataka Harithi anyimwe maji, lakini Bi Rukaya akakataa. "Anywe. Ila avute mwenyewe."

Ndugu zangu, akina Harithi hawakosekani katika zama zozote. Hawaonekani ila siku ya kushukuriwa. Mimi kinachoniunguza ni wale waliojua haki, wakakaa kimya hadi mjane akawatangulia. Mola atuepushe na ukimya huo.